Njaa ya Mjumbe

Kivuli cha nguzo kilifika ukingoni mwa mkeka wa Hemalata, kikagoma. Ndiyo, kiligoma, na msinitolee macho. Alasiri ile ilikataa kuisha kwa sababu mjumbe alikuwa hajala, na katika nchi ile, ambayo jina lake lilisahauliwa na wenyewe kabla halijanifikia mimi, mjumbe akiwa na njaa jua halina ruhusa ya kwenda kokote.

Ada yenyewe ilikuwa hivi. Mjumbe wa amani akiingia katika nyumba ya adui hatii kitu kinywani mpaka apewe jibu. Akipewa jibu, anakula, na akila kazi yake imekwisha. Maadamu hajala, hakuna mshale unaowekwa kwenye upinde, hakuna baragumu linalopulizwa, hakuna farasi anayechapwa. Majeshi mawili yalikuwa yamekaa uwandani yakitazamana, na katikati yao hapakuwa na ukuta, wala mto, wala mungu aliyenyoosha mkono. Palikuwa na tumbo tupu la mwanamke mmoja mtu mzima.

Hemalata alikuwa shangazi wa wafalme wote wawili. Mahipala, aliyekaa mbele yake juu ya kiti cha pembe za ndovu, alikuwa mtoto wa kaka yake mkubwa. Jayaketu, aliyemtuma, mtoto wa kaka yake mdogo. Aliwaogesha katika karai moja la shaba, akawapakata paja hili na paja hili, akawalisha tonge kwa mkono wake mwenyewe. Na mwanawe wa kumzaa, wa pekee, Sukumara, ndiye aliyekuwa mshika hatamu wa gari la vita la Jayaketu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Vita vikianza, gari la mfalme ndilo linalotangulia, na anayelitanguliza ni yule aliyekaa mbele, hatamu mkononi, kifua wazi.

Miguuni pake alikuwa ameweka chungu. Ndani yake mlikuwa na majivu ya kaka yake mdogo, babake Jayaketu, na ugomvi wote ulikuwa humo. Wafu wa ukoo ule huteremshwa kwenye ngazi za mawe zilizo nyuma ya jumba, wakatiwa mtoni wakapumzike. Mahipala alikuwa amezifunga ngazi. Aliogopa, kwa kuwa watu husema mwana akishuka na majivu ya baba yake, hupanda akiwa mrithi. Kwa hiyo marehemu alikuwa bado yumo chunguni, hajafika, hajalala. Hemalata alikuja kuomba jambo moja tu: ngazi zifunguliwe, chungu kiachwe juu ya ngazi ya kwanza, Jayaketu aje mwenyewe amshushe baba yake, basi, kila mtu arudi kwake.

Langoni, kabla hajaingia, Sukumara alimshika mkono. Alikuwa kijana wakati ule, ndevu ndio kwanza zinachungulia.

"Mama, ukitoka mikono mitupu nitajua wamekubali. Nami nitageuza farasi hapa hapa twende nyumbani."

"Na nikitoka na chungu?"

"Usitoke nacho." Kisha akacheka kidogo, cheko la kumficha mama wasiwasi. "Na usile hivi hivi. Nakujua wewe. Mtu akikuonea huruma chembe tu, umeshalainika, umeshanawa mikono."

"Mwone huyu! Mimi ndiye niliyekufundisha kula, leo unanifundisha kufunga?"

Akaingia akiwa amenuna kwa utani. Tangu hapo alikuwa hajatoka.

*

Ukoo ule ulikuwa na ada ya kila kitu. Ada ya kukata kucha, ada ya kumwamsha ndovu, ada ya kupiga chafya mbele ya mkwe. Lakini ada ya ndugu kumuua ndugu haikuwepo. Mababu hawakuiacha, sijui kwa kusahau au kwa makusudi. Na kwao wao jambo lisilo na ada ni nyumba isiyo na mlango: unaizunguka, unaipapasa kuta, huingii. Ndiyo maana kule uwandani mashujaa walishinda wakiulizana kwa sauti ya chini. Binamu anapigwaje? Unamwamkia kwanza ndipo unampiga, au unampiga halafu unamwamkia? Akianguka, nani amfunike? Hakuna aliyejua. Wakanoa mikuki, wakarudi kukaa.

Mahipala aliijua aibu hiyo. Alikuwa mtu wa ada kupita kiasi, asiyethubutu kukanyaga hata kivuli cha kuhani. Alivitaka vita kwa moyo wote, akashindwa kuvipata, na kushindwa huko kulikuwa kumemkondesha uso.

"Shangazi, karibu chakula," alisema.

"Nimeshakaribia, baba. Ngazi je?"

"Ngazi zinateleza. Mvua ya mwaka huu imezidi."

"Mvua gani, na jua limekwama hapo dirishani?"

Mahipala akatabasamu, akapiga kofi. Jani bichi la mgomba likatandikwa mbele ya Hemalata. Ukaletwa wali wa samli, dengu zilizoungwa kwa vitunguu, mtindi, na ndizi mbivu zilizopondwa na iliki. Mvuke ukapanda. Hemalata akafumba macho, lakini pua haina kope.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuyeyuka. Ile harufu ilikuwa ya jiko la mama yake. Akajikuta ni mtoto wa kike, nywele zimesukwa na kupakwa mafuta, ameketi kwenye kizingiti, na juu ya kiti cha pembe ameketi baba yake, aliyekufa zamani. "Kula, Hema," baba akasema. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye jani. Kidole kikagusa wali. Ukamchoma. Alipofumbua macho baba alikuwa na uso wa Mahipala, kisha uso ukateleza tena ukawa wa Jayaketu, taya lile lile, makengeza yale yale ya ukoo, na kwa muda Hemalata hakujua ametumwa na nani kwenda kwa nani. Aliona mtoto mmoja amegawanywa, kila nusu imepewa jeshi. Akarudisha mkono, akaukalia.

Nina njaa, akawaza. La, mimi ndiyo njaa. Nje wanaishi kwa sababu humu mimi nakufa. Mke wa mtu fulani uwandani ananyonyesha sasa hivi, na maziwa yale yanatoka kwenye mbavu zangu. Kama amani ni kitu, mbona hakina uzito wala rangi, mbona hakuna anayekiona ila mimi, tena tumboni? Na kama si kitu, basi ninalinda nini? Labda amani haijawahi kuwapo. Labda kila wakati, kila mahali, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekaa mkekani, ana njaa, na wengine wakaiita amani. Siku akila je? Nikila nitakuwa nani? Mama yangu, kwa nini hukunifundisha kushiba kwa harufu?

Jani lilinyauka, likaondolewa, likaja jingine, na hilo nalo likanyauka. Muda ulikuwa umekwama mbinguni lakini miilini ulikuwa unaendelea na kazi yake. Nyasi ziliota kati ya magurudumu ya magari ya vita. Ndevu za vijana zilikomaa, zikaanza kuingia mvi. Shingo ya Hemalata ilikauka mpaka mkufu wake ukawa unamteleza, ukalala mapajani. Alikuwa anaogopa, nisimfichie. Aliogopa kwamba atakufa mkekani pale kabla ya jibu, na akifa hatakuwa na njaa tena.

*

Mtu aliyebanwa hushika methali iliyo karibu. Hemalata alishika hii: haba na haba hujaza kibaba. Alijiambia, huyu mtoto hawezi kunipa ngazi kwa mkupuo. Nimzoeze kukubali. Nianze na vidogo vidogo, ulimi wake uzoee neno "ndiyo", mwisho wake utateleza tu kwenye lile kubwa. Lo! Akili ya mwenye njaa ni kali, lakini haitazami nyuma.

"Mahipala, mwanangu," alisema, "ya ngazi tuyaweke kando kwanza. Miungu ipishe mbali, lakini tuseme, tuseme tu, vita vimetokea. Utakubali watu wapigane gizani, wasione wanamchoma nani?"

Mahipala alikaa wima. Pembeni yake Dinakara, kuhani wa jumba, mtu mnene mwenye sauti tamu, aliacha kupunga upepo. Neno lolote lililokubaliwa katika ukumbi ule lilikuwa kazi ya Dinakara kuliimba, na likishaimbwa limekuwa ada, halifutiki.

"La, shangazi," Mahipala akasema polepole. "Jua likizama, silaha chini. Ndugu waamkiane, waulizane hali."

"Utaapa?"

"Naapa."

Dinakara akaliimba. Sauti yake ilitoka nje ya ukumbi, ikashuka uwandani, na kutoka kule kukajibu mnong'ono mkubwa, wa watu wengi wanaovuta pumzi pamoja. Hemalata alifurahi, machozi yakamlengalenga. Tangu aingie mle ndani hilo lilikuwa neno lake la kwanza kukubaliwa.

Akaongeza. Aliyeangusha silaha asipigwe. Ndiyo, shangazi. Likaimbwa. Mpanda ndovu apigane na mpanda ndovu, wa miguu na wa miguu, mkubwa asimwonee mdogo. Ndiyo, shangazi, umesema kweli, wala hilo mimi sikuliwaza. Likaimbwa. Mpiga ngoma aachwe. Mbeba maji aachwe. Kabla ya kupiga, mtu amwite mwenzake kwa jina, amwamkie, ndipo. Mahipala alikuwa akiinama mbele zaidi kila mara, macho yakimwaka, akimsaidia hata maneno. Walikuwa shangazi na mpwa tena, vichwa pamoja, wakirekebisha jambo la nyumbani. Na Hemalata alikuwa anampenda! Alimpenda vile vile kama siku alipomfunga shingoni hirizi ya surua. Niwaambieni ukweli wangu, mimi ninayesimulia: hapa ndipo ninapotamani kumvuta upindo wa nguo, nimwambie, mama, sikiliza nje.

Nje kulikuwa na sauti. Kwanza nyuzi za pinde zikivutwa na kuachwa, moja hapa, moja pale. Halafu magurudumu yaking'olewa kwenye nyasi.

"Hizo ni nini?" aliuliza.

"Watu wangu na wa Jayaketu," Mahipala alisema. "Wanasikia yanayoimbwa. Wanajifunza."

"Wanajifunza wema."

"Ndiyo, shangazi. Wanajifunza."

Akaridhika. Kibaba kilikuwa kinajaa, alikisikia kikijaa. Sasa lilibaki lile aliloogopa kuliomba mbele ya watu, asije akaonekana amekuja kwa ajili ya mwanawe. Alilizungusha mdomoni. Mwisho akalisema akiangalia sakafu.

"Na yule anayeshika hatamu. Hana upinde. Hana mkuki. Mikono yake yote miwili imeshika ngozi ya farasi. Huyo naye..."

Hakumaliza.

Mahipala aliteremka kitini. Hakuna aliyewahi kumwona akiteremka kitini. Alikuja akapiga magoti mkekani, karibu kabisa, akanuka manukato na jasho la utoto.

"Sukumara," alisema kwa upole.

Hemalata akaitika kwa kichwa. Alikuwa analia wazi sasa, bila kujifunika.

"Nilicheza naye, shangazi. Uliona mimi ni mnyama? Aliyeshika hatamu haguswi. Hata gari likiwa limezingirwa, hata kama farasi wake wamelala, yeye haguswi. Naapa kwa kichwa cha marehemu baba."

Dinakara akaliimba, na sauti yake ilikuwa tamu kuliko zote. Hemalata alisikia fundo lililokaa kifuani miaka yote hiyo likifunguka kwa mara moja. Mwanangu ataishi, mwanangu ataishi. Hakukuwa na kitu kingine ndani yake, hata nafasi ya kitu kingine haikuwepo. Mahipala alikuwa ameshavuta jani la mgomba. Alichanganya wali na dengu kwa ncha za vidole, akaongeza samli, akafinyanga tonge dogo, la mviringo, la mtoto. Alilifinyanga vile vile alivyofundishwa na yeye.

"Ulinilisha mimi," alisema. "Leo acha nikulishe wewe. Umechoka, shangazi yangu. Jibu si umeshapewa?"

Jibu si umeshapewa. Naam, alikuwa amepewa majibu mengi mno, yalikuwa yakizunguka ukumbini bado yanaimbwa. Tonge lilikuwa mbele ya midomo, lina joto, na mkono ulioshika ni wa mtoto aliyemlea. Nani kati yenu angeufunga mdomo? Hemalata aliufungua.

Akatafuna. Akameza.

Kivuli cha nguzo kikasogea.

Kilipita ukingo wa mkeka, kikapanda juu ya goti lake, na kikafika kwenye chungu. Ndipo Hemalata alipokiona chungu. Kilikuwa pale pale alipokiweka, mfuniko umefungwa kwa kitambaa, na kaka yake yumo ndani, hajafika popote. Alikuwa amemsahau. Katika maneno yote yale mazuri hakurudi hata mara moja kwenye ngazi.

"Na ngazi?" akauliza. Punje za wali zilimwangukia kifuani. "Mahipala, ngazi?"

Mahipala alikuwa ameshainuka. Alijifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. Hakuwa anacheka, nitamtendea haki, macho yake yalikuwa mekundu.

"Ngazi zimefungwa, shangazi," alisema. "Asante sana. Tulikuwa hatujui pa kuanzia."

*

Sukumara alikuwa langoni na gari, palepale alipoachwa. Nywele zake zilikuwa nyeupe masikioni. Alimwona mama yake anakuja kwenye mwanga wa magharibi, mwanga ambao hakuna mtu aliyeuona tangu enzi zile, na kitu cha kwanza alichokiona ni punje ya wali kwenye kidevu chake.

"Mama! Umekula!" Akaruka chini, anacheka. "Umekula, wamekubali!"

Ndipo akaona mikono yake. Akakipokea chungu, kwa kuwa mtoto hawezi kuacha mama abebe kitu, akakipima uzito. Kicheko kikaisha usoni taratibu.

"Mbona bado kizito?"

"Wewe hawatakugusa," Hemalata alisema haraka haraka, akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili. "Nimekupatia hilo. Aliyeshika hatamu haguswi. Limeimbwa, mwanangu, haliwezi kufutwa, wewe hawatakugusa."

Sukumara alitazama uwandani, ambako watu walikuwa wanajipanga kwa utaratibu mzuri ajabu, ndovu mbele ya ndovu, wa miguu mbele ya wa miguu, kila mmoja akimtafuta ndugu yake wa kumwita kwa jina. Halafu alitazama gari lake. Mbele, kiti cha mshika hatamu. Nyuma yake, nafasi ya kusimama ya mtu mmoja.

"Na wa nyuma yangu, mama?" aliuliza. "Akianguka Jayaketu nitaletewa mwingine. Akianguka huyo, mwingine. Mimi nitakuwa nakwenda kuwachukua tu?"

Ladha ya samli ilikuwa bado ulimini mwa Hemalata, tamu, na aliichukia, na tumbo lake lilikuwa linataka tonge jingine.

Njia ya kurudi ilikuwa moja, katikati ya uwanda, kati ya majeshi. Sukumara alimnyanyua mama yake kwa kwapa, na alikuwa mwepesi kuliko chungu, akamsimamisha garini. Hapakuwa na pengine pa kumweka ila pale nyuma, mahali pa mwenye upinde. Akampa chungu akikumbatie. Yeye akapanda mbele, akaokota hatamu.

Jua lilikuwa bado kidole kimoja juu ya miti. Kule ukumbini baragumu likalia, na kutoka upande wa Jayaketu jingine likaitikia. Mjumbe hauawi, kila mtu anajua hivyo. Lakini mjumbe akishakula si mjumbe tena. Ni mtu tu aliyesimama kwenye gari la vita. Mshale wa kwanza ulipita juu yao ukiimba, na Sukumara, asiyeguswa, akainama juu ya farasi.

"Nishike kiunoni, mama," alisema bila kugeuka. "Na unisemeshe. Usinyamaze hata kidogo, nikusikie."